Fomu Ikijijaza Yenyewe: Kanuni za "Ikiwa… Basi…" kwa Maduka ya Mombasa

Mwenye duka mmoja wa leso pale Mtaa wa Biashara, hapa kisiwani, alitupigia simu jioni moja akiwa amekasirika, na haki yake. Mteja wake, binti anayefanya kazi Muscat, alikuwa ameagiza leso 12 za sare kupitia fomu ya malipo tuliyomwekea dukani. Mzigo ulikuwa uende Likoni kwa shangazi yake, na harusi ilikuwa kesho yake asubuhi. Binti alilipa pesa zote. Mwendesha boda akavuka feri, akafika Likoni, akapiga nambari iliyoandikwa kwenye oda. Simu ikaita, ikaita, haikushikwa.

Haikushikwa kwa sababu nambari ile haikuwa ya shangazi. Ilikuwa ya binti mwenyewe, na simu ilikuwa ikiita ndani ya kabati la kazini, Muscat. Boda alingoja, akapiga tena, mwisho akarudi kwenye foleni ya feri na mzigo wake. Leso zilifika Likoni siku ya pili baada ya dhuhuri, wakati waliokusudiwa kuzivaa walikuwa wameshavaa nyingine.

Binti aliapa kwamba aliandika nambari ya shangazi. Tulipochunguza tukaona ni kweli, aliiandika. Fomu yetu ndiyo iliyoifuta na kuweka nyingine juu yake, kimyakimya, kwa nia njema ya kumsaidia. Kosa lilikuwa letu. Si la duka, si la binti, si la boda. Kanuni ile tumeshairekebisha, na gharama ya safari ya pili tulimrudishia mwenye duka. Lakini tuliona tusiishie hapo. Wengi wenu sasa mnatengeneza fomu zenu wenyewe na kuziwekea kanuni, na kosa tulilofanya sisi ni rahisi sana kulifanya. Kwa hivyo leo tuzungumzie fomu inayojijaza yenyewe: inavyofanya kazi, inavyosaidia, na inavyoweza kukuharibia.

Kanuni unazitumia tayari, ila ziko kichwani

Usitishwe na neno "kanuni". Mwuza duka yeyote wa Marikiti ana kanuni kumi kichwani kabla hajafungua mlango. Mteja akinunua kwa jumla, bei inashuka. Akitaka kupelekewa Nyali, anaongezewa nauli. Akisema "niandikie risiti ya ofisi", anaulizwa jina la kampuni. Hakuna anayemwuliza mama aliyekuja kununua leso moja jina la kampuni yake.

Kwenye fomu, mambo hayohayo huandikwa kwa sura hii:

IKIWA jambo fulani ni kweli, BASI jaza hiki (au onyesha kisanduku kile), LA SIVYO fanya vingine.

Ni hayo tu. Sehemu ya "ikiwa" inatazama kisanduku kimoja au zaidi ambacho mteja ameshakijaza. Sehemu ya "basi" inajaza kisanduku kingine. Na sehemu ya "la sivyo" ndiyo ambayo watu wengi huisahau, kisha ndiyo inayowaletea simu za malalamiko usiku.

Faida yake ni kubwa. Mteja anaandika kidogo, anakosea kidogo, na wewe hupigi simu kuuliza "mzigo unaenda wapi?" kwa kila oda. Mtu anayejaza fomu kwenye simu ndogo, amesimama kwenye matatu, hatavumilia visanduku 20. Ukimwonyesha sita, na vitatu kati yake vimejijaza, atamaliza.

Tuanze na kanuni ya nauli

Mombasa ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili, kwa sababu kisiwa chenyewe kimejipanga kwa masharti. Ukitoka kisiwani kwenda Nyali na Kisauni, unapita daraja. Ukienda Changamwe na Jomvu, unapita Makupa. Ukienda Likoni, unapanda feri. Anayetembea kwa miguu halipi, lakini pikipiki hulipiwa, na foleni haina huruma na mtu. Kila njia ina gharama yake na muda wake.

Tuseme duka lako limeamua nauli hizi. Ni za mfano tu, zako unazijua mwenyewe:

- IKIWA eneo ni Kisiwani (Mvita), BASI nauli ni shilingi 100.
- IKIWA eneo ni Nyali au Kisauni, BASI nauli ni shilingi 200.
- IKIWA eneo ni Changamwe au Jomvu, BASI nauli ni shilingi 250.
- IKIWA eneo ni Likoni, BASI nauli ni shilingi 250.
- LA SIVYO, acha nauli wazi, na uonyeshe maneno haya: "Tutakupigia tukubaliane nauli kabla hujalipa."

Kaunti ya Mombasa ina maeneo bunge sita, na yote sita yamo kwenye orodha hiyo: Mvita, Nyali, Kisauni, Changamwe, Jomvu na Likoni. Mteja anachagua moja, nauli inajijaza, jumla inajihesabu.

Mbona hatukutumia kaunti badala ya eneo bunge? Kwa sababu kaunti haikwambii umbali. Mtu wa Kibokoni na mtu wa Likoni wote wako Kaunti ya Mombasa, lakini kati yao kuna feri. Mtwapa iko Kaunti ya Kilifi na ni mwendo mfupi tu kutoka Bamburi, ilhali Malindi nayo iko Kilifi hiyohiyo na ni zaidi ya kilomita 100. Ukiandika "IKIWA kaunti ni Kilifi, BASI nauli ni 400", mtu wa Mtwapa atakuona mwizi, na mzigo wa Malindi utakutia hasara. Kabla hujaandika kanuni, jiulize: hiki ninachokitazama ndicho kweli kinachobadilisha bei, au ni kitu kilicho karibu nacho tu?

Sasa iangalie ile "la sivyo". Kuna wenye maduka wanaoweka nauli 100 hapo, kwa kuona kwamba wateja wengi ni wa kisiwani. Siku mteja wa Lamu akijaza fomu, anaambiwa shilingi 100, analipa, na wewe unabaki na oda ambayo huwezi kuifikisha kwa bei hiyo. Kanuni isipojua jibu, iachie kisanduku wazi. Kisanduku kilicho wazi kinauliza swali. Kisanduku chenye jibu la kubahatisha kinasema uongo kwa sauti ya uhakika, na mteja ataamini kwa sababu ni wewe uliyekijaza.

Mikono mitatu ndani ya fomu moja

Hapa ndipo tulipoteleza sisi, kwa hivyo tuende polepole.

Fomu moja hujazwa na mikono mitatu. Mkono wa kwanza ni wa mteja mwenyewe, anayeandika kwa vidole vyake. Wa pili ni wa simu yake: programu ya intaneti inayakumbuka majina, nambari na anwani alizowahi kuandika mahali pengine, na inamletea azikubali kwa kubonyeza mara moja. Mkono wa tatu ni wa kanuni zako.

Mikono hii haina nguvu sawa, wala haipaswi kuwa nayo. Alichoandika mteja kwa kukusudia ndicho kikubwa kuliko vyote. Simu inakumbuka mambo ya zamani, na huenda mteja ameshahama. Kanuni nayo inakisia tu, hata kama inakisia vizuri.

Fomu ya lile duka ilikuwa na kisanduku "Nani anapokea?" chenye majibu mawili: "Mimi mwenyewe" na "Mtu mwingine". Chini yake kulikuwa na "Nambari ya mpokeaji". Ili kumpunguzia mteja kazi, tulikuwa tumeweka kanuni inayochukua nambari ya mlipaji na kuijaza kwenye nambari ya mpokeaji. Wengi hujinunulia wenyewe, kwa hivyo mara nyingi ilikuwa sawa.

Binti alichagua "Mtu mwingine", akaifuta nambari yake, akaandika ya shangazi. Vizuri. Kisha akaona kwamba kwenye eneo bado kumeandikwa "Kisiwani". Akarudi juu akabadilisha kuwa "Likoni". Fomu ilipoona eneo limebadilika, ikaziendesha kanuni zote upya tangu mwanzo ili ihesabu nauli. Ikahesabu nauli sawasawa. Halafu ikafika kwenye kanuni ya nambari, ikaiendesha nayo, ikaweka nambari ya mlipaji juu ya ile ya shangazi. Binti alikuwa ameshateremka hadi kitufe cha kulipa. Hakuona.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, kanuni haikuwa na sharti lake. Ilitakiwa isomeke: IKIWA anayepokea ni "Mimi mwenyewe", BASI jaza nambari ya mlipaji, LA SIVYO, usiguse. La pili, hata sharti lingekuwepo, kanuni haikupaswa kufuta kitu kilichoandikwa na mtu.

Kwa hivyo tunakupa mambo mawili ya kushika, na ukisahau mengine yote ya makala hii, haya usiyasahau:

1. Kilichojazwa na kanuni kibadilike kila mara chanzo chake kinapobadilika.
2. Kilichoandikwa na mtu kisibadilishwe na kanuni kamwe. Kama kanuni ina shaka, imwulize.

Yanafanana lakini yanavuta pande mbili. Nauli ni mali ya kanuni. Eneo likibadilika, nauli lazima ibadilike nalo. Isipobadilika, mtu wa Likoni atalipa nauli ya kisiwani. Nambari ya shangazi ni mali ya binti. Eneo libadilike mara kumi, nambari ibaki pale pale. Unapounda fomu, pitia kila kisanduku uulize: hiki ni mali ya nani? Ukishindwa kujibu, hicho ndicho kitakachokusumbua.

Kwenye mipangilio ya fomu zetu sasa kuna chaguo linaloitwa "Jaza kikiwa kitupu tu". Kwa visanduku vya majina, nambari za simu na maelezo ya kufika, liwashe. Kwa nauli, kodi na jumla, lizime.

Nambari ya simu: kanuni nazo huzeeka

Watu wengi hupenda kuweka kanuni inayokagua nambari ya simu, na ni jambo zuri, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa, ujumbe unakwenda kwa mtu mwingine. Lakini angalia unachokagua.

Kwa miaka mingi nambari za simu za mkononi hapa Kenya zilianza na 07. Aliyeandika kanuni "IKIWA nambari haianzi na 07, BASI ikatae" alikuwa sahihi siku hiyo. Tangu 2019 zimetoka nambari zinazoanza na 01, kama 010 na 011. Fomu zenye kanuni ya zamani zikaanza kuwafukuza wateja wazuri wenye pesa mkononi. Mwenye fomu wala hakujua, kwa sababu mteja aliyefukuzwa hapigi simu kulalamika. Anakwenda duka la pili.

Mfano mwingine: zamani ukiziona tarakimu za mwanzo za nambari, ulijua ni ya mtandao gani. Mwaka 2011 ikaruhusiwa mtu kuhama mtandao na nambari yake. Tangu hapo, kanuni inayosema "nambari ikianza hivi, basi jaza jina la mtandao huu" ni ya kubahatisha. Kama ni lazima ujue mtandao, muulize mteja.

Kanuni salama ya nambari ya Kenya ni hii: IKIWA nambari ina tarakimu 10 na inaanza na 07 au 01, BASI ondoa 0 ya mwanzo na uweke 254 mbele. Hivyo 0712 na kuendelea inakuwa 254712 na kuendelea, na jumla tarakimu ni 12. IKIWA tayari inaanza na 254, BASI iache. Mteja asilazimishwe kujua fomu inapenda sura ipi. Fomu ndiyo inayopaswa kuzielewa zote mbili.

Na wateja wa nje? Watu wa Mji wa Kale wana jamaa Oman, Emirati na kwingineko, na hao jamaa ndio wanaoagiza vitu vingi vya nyumbani. Nambari ya Oman ina tarakimu 8 baada ya 968, na hakuna sifuri ya kuondoa mwanzoni. Ukiilazimisha kwenye kanuni ya Kenya, itakataliwa, au mbaya zaidi, itabandikwa 254 mbele na kuwa nambari isiyo ya mtu yeyote. Weka kwanza kisanduku cha nchi, kisha kila nchi na kanuni yake. LA SIVYO: ipokee nambari kama ilivyoandikwa.

PIN ya KRA: mtego wa herufi A na P

Wateja wanaotaka ankara ya kodi hutoa PIN ya KRA. Hii ina herufi na tarakimu 11: herufi moja mwanzoni, tarakimu tisa, na herufi moja mwishoni. Ya mtu binafsi huanza na A, ya kampuni huanza na P.

Hapo wengi huandika: IKIWA mnunuzi ni "Biashara", BASI PIN lazima ianze na P. Inaonekana ina akili, lakini ni mbovu. Mama mwenye kibanda cha viungo, ambaye amesajili jina la biashara kwa jina lake peke yake, anatumia PIN yake mwenyewe, na hiyo inaanza na A. Ni mfanyabiashara halali na ana haki ya ankara yake, lakini fomu yako inamwambia kwamba PIN yake si sahihi. Jinsi hali ilivyo, kanuni nzuri ni ile inayokagua urefu na mpangilio, ikakubali A na P zote mbili.

Na kisanduku hiki kisionekane kwa kila mtu. IKIWA mteja amejibu "Ndiyo" kwenye "Unahitaji ankara ya kodi?", BASI kionyeshe. LA SIVYO kifiche. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ukusanye taarifa unazozihitaji tu. Mtu anayenunua kilo ya halua hana sababu ya kukuachia PIN yake.

Kilichofichwa hakijafutika

Hili nalo limewapata watu wengi. Kanuni za kuonyesha na kuficha zinabadilisha kinachoonekana kwenye skrini. Hazifuti kilichoandikwa, mpaka uziambie zifute.

Chukua mfano wa Mji wa Kale. Vichochoro ni vyembamba, boda haingii kila mahali, na mtu hamwelekezi mgeni kwa nambari ya nyumba. Anamwambia "ukiupita Msikiti wa Mandhry" au "ukitoka Ngome, shika Ndia Kuu". Kwa hivyo ni busara kuweka: IKIWA wadi ni Mji wa Kale/Makadara, BASI onyesha kisanduku "Alama ya karibu".

Sasa mteja anachagua Mji wa Kale, anaandika "mkabala na Msikiti wa Mandhry, mlango wa kijani". Halafu anakumbuka kwamba leo atakuwa Nyali kwa dadake, anabadilisha eneo. Kisanduku cha alama kinatoweka machoni pake. Lakini maneno yamebaki ndani ya fomu, na oda inapochapishwa dukani inasomeka: Nyali, mkabala na Msikiti wa Mandhry. Boda anakuna kichwa. Akiwa mgeni, ataupata msikiti na mlango wa kijani, atagonga, na mzigo utabaki Mji wa Kale.

Suluhisho: kila kanuni inayoficha kisanduku iambatane na kanuni inayokiondoa kwenye oda. Hapa kuna ustaarabu mdogo ambao wateja huupenda: usiyafute maneno papo hapo, yaweke kando mpaka alipe. Akibadilisha mawazo tena na kurudi Mji wa Kale, ayakute. Lakini yasisafiri na oda kama kisanduku hakionekani wakati wa kulipa.

Pesa: kanuni ijaze, mtu aamue

Kanuni inaruhusiwa kuhesabu. Leso 12 mara bei, jumlisha nauli, toa punguzo la jumla, andika jibu. Mashine haichoki kuhesabu, na sisi binadamu tunachoka, hasa saa kumi na moja jioni ya siku moja kabla ya Idi.

Lakini mambo matatu hatuziachii kanuni, na tunakuomba nawe usiziachie.

La kwanza ni kuthibitisha. Kabla ya kitufe cha kulipa, fomu imwonyeshe mteja muhtasari mmoja mfupi: vitu, mahali, jina na nambari ya mpokeaji, nauli, jumla. Vilivyojazwa na kanuni vionekane tofauti. Fomu zetu sasa zinaviandika kwa rangi ya kijivu na neno "tumekujazia" pembeni. Binti wa Muscat angeona neno hilo karibu na nambari ya mpokeaji, angeshtuka.

La pili ni kubadilisha kiasi baada ya muhtasari. Jumla ikishaonyeshwa, kanuni zisimame. Kiasi kinachotokea kwenye ujumbe wa malipo kwenye simu ya mteja lazima kiwe kilekile alichokiona kwenye fomu. Vikitofautiana hata kwa shilingi moja, mteja asilipe, na wewe usimhimize alipe.

La tatu ni namba ya siri. Hakuna fomu yetu yenye kisanduku cha namba ya siri, na haitakuwepo. Mteja huiandika kwenye ujumbe wa malipo wa simu yake, basi. Ukiona fomu yoyote inayoiomba, iwe imejipamba kwa nembo ya nani, usiijaze.

Ijaribu kabla hujaisambaza

Watu wengi hujaribu fomu kwa kuijaza vizuri, tangu juu hadi chini, bila kukosea. Wateja hawajazi hivyo. Wanarudi nyuma, wanabadilisha, wanapigiwa simu katikati, wanaendelea. Basi ijaribu kama wao:

1. Ijaze mpaka mwisho, kisha urudi ubadilishe jibu la juu kabisa. Teremka polepole uone kilichobadilika chini. Nauli imebadilika? Vizuri. Nambari uliyoandika imebadilika? Simama hapo urekebishe.
2. Andika kitu kwenye kisanduku kinachofichika, kifiche, kisha ufungue oda uone kama kimesafiri nayo.
3. Chagua jibu ambalo hukulitarajia, kama Lamu au "kwingineko". Tazama "la sivyo" inasema nini.
4. Jaribu nambari ya 01, nambari yenye 254, na nambari ya nje.
5. Iache simu ijaze yenyewe kutoka kwenye kumbukumbu zake, uone kama kanuni zinapata habari. Wakati mwingine simu hujaza kisanduku bila fomu kutambua, na nauli inabaki ya zamani.
6. Mpe mtu wa nyumbani ambaye hajawahi kuiona. Usimwelekeze, wala usimkosoe. Kaa umtazame tu. Pale atakapouliza "hapa niweke nini?", pana kazi.

Na kila ukiongeza kanuni mpya, rudia hatua ya kwanza. Kanuni mbili nzuri zinaweza kugombana zikikutana. Ile yetu ya nauli ilikuwa sahihi, na ya nambari ilifanya kazi miezi mingi bila mtu kulalamika. Ziligombana siku moja tu, na siku hiyo ilikuwa mkesha wa harusi ya watu.

Kama una fomu tayari

Fungua "Fomu zangu", kisha "Kanuni". Fomu zote zilizotengenezwa kwa kiolezo chetu cha zamani tumezirekebisha sisi wenyewe, kwa hivyo hizo huhitaji kuzigusa. Lakini kama uliongeza kanuni zako, au ulinakili kiolezo na kukibadilisha, hatukuingia humo, kwa sababu ni kazi yako na tungeweza kuiharibu. Zipitie. Tafuta kila kanuni inayojaza jina, nambari au maelezo ya kufika, na uhakikishe "Jaza kikiwa kitupu tu" imewashwa. Kwa duka lenye kanuni kumi, ni kazi ya muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Ukikwama, tupigie au upite ofisini. Njoo na simu yako na orodha ya nauli zako, tutakaa pamoja tuziandike. Mwenye duka la leso alikuja, tukazipitia zake moja moja. Alipofika kwenye nambari ya mpokeaji alikataa tuijaze kwa kanuni yoyote, hata iliyorekebishwa. Alisema hicho kisanduku akiandike mteja mwenyewe, kila mara, hata kama ni kazi. Tulimwachia kama alivyotaka, kwa sababu yeye ndiye aliyempigia shangazi simu kuomba radhi.